Mgomba wa Mpakani

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Gitega kwenda Kobero kufuata vitenge, na gari lilipofika njia panda ya mlima wetu, kule Muyinga, nikamwambia dereva anishushe. Sikuwa nimepanga. Nikasimama kando ya barabara na mkoba wangu, nikaona kahawa yote imekatwa, mahali pake wamepanda mikaratusi. Ndugu yangu, wewe uliyekulia mlimani unaijua harufu niliyoitafuta pale nikaikosa: maganda ya kahawa yaliyolowana, yakianza kuchacha nyuma ya nyumba.

Harufu ile ilikuwa ya jirani yetu. Mlima mzima ulimwita Mfungwa, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika.

Tulikuwa tumerudi kutoka kambini Tanzania, mimi nikiwa na miaka tisa. Kirundi changu kilikuwa cha kuchechemea, watoto wenzangu walinicheka mpaka nikaacha kusema. Mfungwa peke yake ndiye aliyenisemesha Kiswahili. Alijifunza gerezani, kwa askari wa Wabelgiji. Mchana nilimsaidia kuchambua kahawa mkekani, naye akanipa ndizi iliyochomwa majivuni na kunisimulia hadithi ile ile, kila mara kama anaianza upya.

Alizaliwa upande wa Gitega. Ujanani mwake chifu alilazimisha kila nyumba ilime kahawa, na asiyepalilia alichapwa kiboko. Yeye alichapwa mara mbili. Ya tatu hakuisubiri. Alikwenda kwenye shamba la chifu akang'oa miche yote, akaipanga barabarani mizizi juu. "Mi sikuiba kitu," alikuwa akisema. "Niling'oa kahawa tu, basi." Wakamfunga, wakampakia kwenye lori na wenzake, kamba shingoni, wakawaleta Muyinga kuchimba barabara na, cheka ukitaka, kutunza kitalu cha kahawa. Kifungo kilipokwisha, mzungu wa kilimo aliyeipenda kazi yake akamwonyesha kipande cha pori, juu kidogo ya shamba la ukoo wetu, akamwambia abaki alime. Kurudi Gitega aliona haya. Akabaki, akaoa, akazika mke, mtoto hakujaliwa. "Kahawa ndiyo ilinifunga, kahawa ndiyo ilinioza," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na watoto saba na ardhi ya kulisha watatu. Kila jioni alimuuliza bibi, mama yake, mpaka wetu ulikuwa wapi kabla hawajakimbia nchi. Bibi alijibu bila kusita: kwenye mgomba alioupanda mama mkwe wake. Mgomba ule ulikuwepo bado. Ila ulisimama ubavuni mwa nyumba ya Mfungwa, usawa wa ukuta wa nyuma, na ukivuta mstari kutoka hapo, nyumba yote inaingia kwetu.

Baba akanikataza kwenda kuchambua kahawa. Nyumbani maharage yakawa yanapoa kwenye sahani. Nilipopita karibu na ua wa Mfungwa nilikaza macho chini, na nilimsikia akiacha kusaga muhindi kwa meno yake ya mwisho ili aone kama nitamsalimia. Sikumsalimia.

Bashingantahe, wale wazee waamuzi wa mlima, wakaja asubuhi na fimbo zao. Kwetu anayedai mpaka huutembea mwenyewe kwa miguu, watu wote wakiona. Bibi akavua kandambili, akapanda, akaushika mgomba kwa mikono miwili. "Ni hapa," akasema.

Mfungwa akasogea, kofia mkononi. "Mama, mgomba iko natembea. Inazaa mtoto pembeni, mama anakufa, mtoto naye anazaa pembeni. Miaka yote mulikuwa Tanzania, hii ilikuwa napanda mlima pole pole."

Wazee wakatazamana. Walikuwa wakulima wale, walijua anachosema, na leo nina hakika walijua. Lakini baba akapaza sauti: "Tangu lini neno la mfungwa likashinda neno la mke wa ukoo?" Kuna waliocheka. Mkubwa wa wazee akapiga fimbo chini, kesi ikaisha. Nyumba na mistari mitatu mirefu ya kahawa ikawa yetu. Yeye akabakiwa na mawe ya juu, ambako hata mbuzi huteleza, akapewa hadi mvua za kwanza awe amehama.

Siku chache baadaye bibi akanichukua tukapalilie chini ya mgomba ule. Jembe langu likazama kwenye kitu laini: kisiki kilichooza. Hatua moja chini yake, kingine. Bibi akawa ananionyesha kwa kidole, mimi nafukua, tukateremka hivyo, na visiki vilipokwisha yakaja madoa ya udongo mweusi, hatua tisa nzima, mpaka mbele ya nyumba ya Mfungwa. Bibi akakaa chini. Kambini tulikatazwa kupanda kitu cha kudumu. Miaka zaidi ya thelathini hakuona mgomba ukikua, na akilini mwake ule wa mama mkwe ulikuwa umesimama pale pale ukimsubiri.

"Nimemtoa mtu nyumbani kwake kwa mdomo wangu," akasema.

Alimweleza baba. Baba akamjibu, "Mama, ukilisema hilo, hawa watoto utawalaza wapi?" Siku mbili bibi hakula. Ya tatu akapika maharage na ndizi kwa mawese, akajifunga nguo yake ya kanisani, tukaenda, mimi nimebeba sufuria. Mfungwa alikuwa anafunga mkeka wake kwa kamba. Bibi akapiga magoti, akamwambia atawaita wazee tena.

Alipokea sufuria kwa mikono miwili, akashukuru. "Acha, mama. Watoto iko mingi kwako." Kisha akanitazama mimi, si yeye. "Mi nimehukumiwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na kosa."

Kesho yake akaondoka kwa miguu, jembe begani, akishika njia ya Gitega. Wazee hawakuitwa. Bibi aliishi miaka mingine kumi na hakuonja hata ndizi moja ya mgomba ule.

Sasa ninaishi Musinzira, mtaa wa Gitega, na nimeshauliza wakongwe wengi bila kupata anayemjua Mfungwa. Watu wakikumbuka utoto hulilia vitu vilivyopotea, na mimi pia navililia: ile mikeka, zile ndizi za majivuni, Kiswahili kile cha gerezani. Lakini yule mzee hakupotea. Tulimtoa. Bibi alijua, baba alijua, na mimi niliyeshika jembe nilijua, nikasoma mpaka nikamaliza sekondari kwa kahawa yake.