Mwenye Ufunguo wa Sauti ya Mke Wangu

Kwanza nieleze habari ya mzee mmoja wa Kimasai na ng'ombe wake, maana kila nikitaka kuanza hii ya kompyuta najikuta naanzia pale.

Tulikuwa tunakaa Mvumi, mimi bado kijana, sina hata mke. Asubuhi moja tukakuta ng'ombe ndani ya mahindi ya kaka yangu, wamekula mpaka kwenye maboga. Tukawaswaga hadi ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akawafungia kwenye zizi la kijiji na ufunguo akautia mfukoni. Mzee, mwenye ng'ombe, alifika adhuhuri. Hakugomba na mtu. Alikaa chini mbele ya lango, fimbo magotini, akawa anawatazama. Siku mbili. Akiletewa uji anakunywa, lakini macho hayatoki zizini.

Mimi nilimcheka. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Kwani unadhani watayeyuka?"

Akaitikia marahaba kwanza, kisha akasema, "Wewe uliyewakamata sikuogopi. Namwogopa yule mwenye ufunguo."

Kesi ikasikilizwa, wakapatana na kaka yangu, lango likafunguliwa. Mzee aliwaita mmoja mmoja kwa rangi zao, wakatoka wote, hata yule ndama kilema. Nami nikashika somo moja kichwani, ambalo lilikuja kuniponza uzeeni: kwamba kitu kikigombewa hukamatwa, huwekwa mahali, na kesi ikiisha mwenyewe huenda kukichukua.

Haya. Miaka ikapita, nikaoa, tukahamia Ruhembe kwenye kazi ya kukata miwa. Shule mimi niliishia darasa la tatu, na la tatu lenyewe nilikaa nusu. Lakini hadithi nilikuwa nazo. Nilizipata kwa bibi yangu kule Mamboya, mlimani, ambako baridi iliwaweka watu jikoni wasikilizane. Mke wangu hakuwa msimuliaji, alikuwa mwimbaji. Mnajua hadithi zetu zina wimbo katikati. Basi mimi nasimulia, nikifika pale ndege anapomwimbia mwanamke aliyepotea njia ya kisimani, nanyamaza, yeye anaimba. Hatukuwahi kupanga. Ilikuwa hivyo tu.

Ndipo zikaja siku za ruksa. Vitu vikafunguliwa: mitumba, sabuni za rangi rangi, redio kaseti. Shemeji yangu akatuletea redio kaseti moja kubwa, ina vitufe kama meno. Alasiri moja mke wangu anatwanga, mimi nikabonyeza kile kitufe chekundu nikaanza kusimulia. Akaimba huku anatwanga. Katikati ya wimbo mbuzi wangu akaingiza mdomo kwenye ungo wa unga, mke wangu akasema, "Shii! Toka, mbuzi huyu!" kisha akaendelea na wimbo palepale alipoachia. Yote yaliingia kwenye kaseti.

Pale Mikumi, kando ya barabara kuu, kulikuwa na jamaa mwenye kibanda cha kunakili kaseti. Alikuwa na meza mbili za redio na maneno mengi. Akasikia habari ya kaseti yetu, akaniomba aisikilize. Nikampa. Akanirudishia baada ya wiki moja, na mimi sikuuliza wiki nzima alikuwa anasikiliza nini.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka minne. Mwaka uliofuata maji yaliingia nyumbani, na kaseti ikaondoka na maji pamoja na godoro. Kwa hiyo binti yangu alikua hajui sauti ya mama yake. Aliwahi kuniuliza, "Ilikuwa nene au nyembamba?" Sauti utaielezaje?

Akasoma, akaolewa Mbeya, akapata kazi kwenye ofisi yenye kompyuta. Siku moja akanipigia simu analia. Nikajua msiba.

"Baba, nimemsikia mama. Yuko mtandaoni. Wewe unasimulia, yeye anamfukuza mbuzi."

Kesho yake nilikuwa Mikumi kwenye duka la intaneti. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, watu wake walikuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine hizi?"

"Mashine ni za mume wangu, mimi ni mwenye mdomo. Kaa."

Nilimpa karatasi niliyoandika maneno aliyonitajia binti yangu. Akatafuta, akanivisha vile vidude vya masikioni. Kwanza nikasikia sauti ya mwanaume: "Karibuni katika hadithi zangu." Zangu! Alikuwa yule wa kibanda. Halafu nikajisikia mimi, kijana, nina haraka. Halafu kinu. Halafu yeye.

Sitasema nilifanya nini. Mama yule aligeukia dirishani, nikamshukuru kwa hilo.

Nilipovua vile vidude nilisema, "Huyu ni mwizi. Hawa waliompa nafasi ya kuweka vitu vyake ni akina nani?"

"Ni kampuni ya huko ng'ambo. Watu wanaweka vitu vyao, wao wanavitunza."

"Nani anawajua?"

"Hakuna."

"Wana ofisa wa kumlilia?"

"Wana fomu."

Akaifungua na kunisomea kwa Kiswahili. Wewe ni nani. Kitu gani chako kimechukuliwa. Kiko wapi, onyesha mahali penyewe. Unaapa kwamba wewe ndiye mwenye haki, na ukisema uongo utawajibika kisheria. Andika jina lako kamili, ndiyo sahihi. Na chini kabisa: malalamiko haya, pamoja na jina lako, yanaweza kupelekwa kwa mlalamikiwa.

"Ngoja," nikasema. "Namshitaki mwizi, halafu wanampelekea mwizi jina langu na ninapokaa?"

"Hata kwa mwenyekiti wa kijiji si mlalamikiwa anaambiwa nani kamshitaki?"

"Kwa mwenyekiti namwona usoni. Hawa mimi siwaoni, wao wananiona."

"Hawakuoni, mzee. Hiyo kamera haifanyi kazi tangu mwaka jana."

Mimi sikujua hata kama kuna kamera. Nikatoka. Nikanywa chai ng'ambo ya barabara huku nalitazama lile duka. Nilimshuku yule mama: mbona alijua fomu iko wapi haraka namna ile? Huenda kila anayeshitaki anapelekwa kwake. Nikapita pale kilipokuwa kibanda cha kaseti, sasa wanauza vipuri. Mwenyewe kahamia Dar, waliniambia. Nikamshuku hata muuza vipuri kwa jinsi alivyonijibu upesi. Mwisho nikarudi.

"Nilijua utarudi," mama akasema. "Umesahau kofia."

Tukajaza. Pale penye kuapa nilisita, maana mimi ni mtu wa kusema kweli. Hadithi ni ya bibi yangu. Wimbo ni wa mke wangu. Sauti ya kusimulia yangu. Mbuzi wangu.

"Mbuzi hana nafasi kwenye fomu," mama akasema.

"Ndiye shahidi wangu. Nani mwingine atajua kwamba alikuwepo?"

Akacheka mpaka akajifuta macho, lakini aliandika: katikati mwimbaji anamfukuza mbuzi, mbuzi huyo ni wa mlalamikaji. Nikataja jina langu herufi kwa herufi, akalibonyeza, likaenda. Nilitoka pale najiona kama nimevuliwa shati.

Baada ya siku nne akanipigia. "Mzee, wamejibu. Wameiondoa."

Nilivaa shati jeupe. Nilinunua kaseti mpya, tupu, nikaifunga kwenye kitambaa, nikapanda gari kwenda Mikumi. Nilipofika nikaiweka mezani.

"Ya nini hii?"

"Ya kutilia. Si wameikamata? Nimekuja kuichukua."

Alianza kucheka, akaacha. "Mzee wangu, hawakuikamata. Wameifunga tu. Palipokuwa na hadithi sasa kuna maandishi kwamba imeondolewa kwa malalamiko ya mwenye hakimiliki. Na jina lako lipo."

"Hadithi yenyewe iko wapi?"

"Kwao huko."

"Basi wanipe mimi. Si nimeapa kwamba ni yangu?"

"Hawampi mtu. Kazi yao ni kuondoa au kurudisha palepale. Hawaamui ni ya nani."

"Kwa hiyo sasa nani anaisikia?"

"Hakuna."

"Hata mimi niliyeshitaki?"

"Hata wewe."

Nikamkumbuka mzee wa Kimasai, siku mbili mbele ya lango. Yeye angalau aliona pembe za ng'ombe wake.

Jumapili binti yangu akapiga simu. Safari hii hakulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Baba, mama hayupo. Kila Jumapili nilikuwa namsikiliza na mwanangu. Ameshajua kusema shii, toka. Nimefungua leo, nimekuta jina lako."

"Nilikuwa nakutetea," nikasema.

"Mimi? Mimi nani aliniibia?"

Nikarudi Mikumi mara ya tatu. Nilisema moyoni: hawa wenye ufunguo wanifungulie, mengine baadaye.

"Umekuja siku nzuri," mama akasema. "Jamaa amejibu. Naye ameapa, na jina lake ameandika. Anasema wewe ulimpa kaseti kwa mkono wako ukamwambia chukua. Ulimwambia?"

Nikafikiri. Mtu husema maneno mangapi kwa siku. "Nilimwambia chukua. Nilikuwa na maana akasikilize."

"Sasa sikia. Wamekuandikia hivi: kama hutawaletea uthibitisho kwamba umekwenda mahakamani, katika wiki mbili hivi wataifungua kama ilivyokuwa. Ukiwaletea, itabaki imefungwa mpaka kesi iishe."

"Kama ilivyokuwa, na yeye akisema hadithi zangu?"

"Na yeye akisema hadithi zangu."

"Na mke wangu atakuwemo?"

"Atakuwemo. Na mbuzi."

Akanitazama kwa huruma, na huruma nayo nikaishuku. "Au tuwaandikie kwamba unafuta malalamiko," akasema. "Hiyo huenda ikawa haraka zaidi."

"Kufuta nako kuna fomu?"

"Kuna fomu. Jina lako tena na sahihi."

Nilijua mtego. Nimekwisha kuapa kwamba ni yangu. Nikiandika kwamba nafuta, wana karatasi mbili zenye jina langu, moja inaisuta nyingine. Na nikienda mahakamani, nitashinda nini? Nitashinda kimya. Mjukuu wangu kule Mbeya atabaki na shii, toka, mpaka aisahau.

"Nikikaa tu bila kufanya kitu?" nikauliza.

"Nimekwambia. Itafunguka yenyewe."

"Una hakika?"

"Ndivyo walivyoandika, mzee. Kuwaamini au kutowaamini ni wewe."

Sikuwaamini. Sikumwamini yule wa kibanda, wala ile kamera iliyosemekana imekufa. Mteja mmoja akaingia anataka kuchapa barua ya kazi, mama akageuka kumhudumia. Ile kaseti tupu nilikuwa nimemwachia siku ile, ilikuwa bado pale mezani ndani ya kitambaa. Sikuigusa. Nikainuka taratibu, kiti kisilie, nikatoka nje kwenye jua, nikaishika njia ya Kidodi, ya kurudi nyumbani.

Nilikuwa nimefika kwenye vipuri aliponiita kwa nguvu kutoka mlangoni. "Mzee! Kofia yako!"

Nilimsikia vizuri, lakini safari ile niliporudi nilitoka nimeandika jina langu. Nikaendelea kutembea, na pale sijarudi tena.