Mota Iliyowashwa kwa Mdomo

Karakana ya umeme katika chuo chetu cha ufundi ilikuwa na mota moja kubwa ya rangi ya kijani, iliyofungwa sakafuni kwa nati nene. Mota ya aina hiyo hutaka umeme wa laini tatu. Chuo kilikuwa na laini moja. Niligundua hilo wiki ya kwanza, nikauliza mbele ya darasa kama mota ile imewahi kuzunguka.

"Wewe wa digrii," mwalimu akasema, "umekuja kusoma umeme ama historia ya mota?"

Watu wakacheka, na tangu siku hiyo nikaitwa Digrii. Nilikuwa nayo kweli, ya sosholojia. Nilikuwa nimekaa nayo nyumbani Kilungu nikichuma maparachichi ya mama, hadi jamaa zangu wakakubaliana, bila kuniita kikaoni, kwamba nchi imechoka na watu wa vitabu, sasa inataka mafundi. Sikuwaamini. Lakini sikuwa na hoja ya kuwapinga, kwa hiyo nikajiandikisha kusomea umeme na elektroniki.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Mtaala ulidai tujifunze kuanzisha mota kubwa, naye akabuni njia. Mota kama hiyo huanzishwa kwa hatua mbili: kwanza kwa nguvu ndogo, kisha ikishashika kasi unasukuma mkono wa swichi ipate nguvu kamili. Kwa kuwa yetu haikuzunguka, mwalimu alisimama kando yake akanguruma yeye mwenyewe. Alianza chini, mdomo umefungwa, kifua kikitetemeka, akapandisha sauti polepole. Aliyeshika swichi alitakiwa kusubiri mpaka sauti ipande ndipo asukume. Ukisukuma mapema, mwalimu anakohoa na kunyamaza: umeunguza mota. Baada ya muda tulingurumiana sisi kwa sisi, hata kwenye foleni ya chakula, ya githeri.

Hodari wetu alikuwa msichana wa kutoka Tseikuru niliyekaa naye benchi moja. Yeye hakucheka wakati wa zoezi. Umeme wa laini tatu ulikuwa umefika sokoni kwao, na baba yake alikuwa ameuza sehemu kubwa ya mifugo akanunua mashine ya kusaga unga, ili familia isitegemee tena mbuzi ambao ukame huwamaliza. Kulikuwa na fundi mjini Mwingi wa kuiwasha, lakini mzee alisema hawezi kumwita mtu wa nje wakati binti yake yuko chuoni. Likizo ilipofika, msichana aliniomba niende naye.

Nilimuuliza kama anaamini kweli kwamba tunajua kuiwasha.

"Wewe Digrii unaamini nini?"

"Sijui."

"Basi njoo unishikie tochi."

Tulikuta wanawake wamepanga madebe ya mahindi nje ya kibanda cha mabati. Habari ilikuwa imetangulia. Mzee alikuwa amevaa koti. Mmoja wa wanawake alitania kwamba leo watajua kama ada ya shule inasaga, na mzee akacheka kuliko wote.

Binti alifungua kifuniko cha swichi, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Mimi nilimulika. Kila kitu kilikuwa kama kwenye ubao wetu. Alichomeka bisibisi ya testa kwenye waya wa kwanza, taa yake ikawaka. Balbu ya kibanda pia ilikuwa inawaka. Tukasema umeme upo. Zile laini nyingine mbili hatukuzipima. Karakanani hapakuwa na cha kupima, na hakuna aliyekuwa amezoea kukitafuta.

Akashusha mkono wa swichi. Mota ikanguruma.

Ilikuwa sauti ileile, nzito, ya chini. Alinitazama akatabasamu. Akasimama akisubiri ipande, jinsi tulivyofundishwa, na mimi, ambaye hupinga hata saa ya ukutani, nikasubiri naye. Haikupanda. Nilidhani mota ya kweli ina subira kuliko mwalimu. Nikatazama mkanda wa mashine: haukusogea. Nilipofungua mdomo kusema, harufu ya rangi iliyoungua ilikuwa imejaa kibanda, kisha moshi. Binti akakata umeme.

Laini moja ilikuwa imekatika huko kwenye nguzo. Mota ikikosa laini moja hunguruma tu palepale bila kuzunguka mpaka iungue. Hilo tulielezwa baadaye na mwalimu, kwa upole, kana kwamba ni jambo linalojulikana na kila mtu.

Siku ile hakuna aliyemlaumu. Wanawake walijitwisha madebe yao, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kutafuta kinu kingine. Mzee alibaki mlangoni.

"Inatengenezeka?" akamuuliza bintiye.

"Inatengenezeka, baba. Waya za ndani zinatolewa, inasukwa upya."

"Na wewe ulifundishwa kuisuka?"

"Bado."

"Utafundishwa lini?"

Binti akanigeukia. Somo hilo lilikuwa kwenye ratiba. Nilijua pia kwamba chuoni hapakuwa na waya wa shaba wa kusukia hata mota ya feni, na kwamba waliotutangulia walilifanya kwa kuchora.

"Muhula ujao, mzee," nikasema.

Mzee akakubali kwa kichwa, polepole, akafunga mlango wa kibanda kwa kufuli. Akasema basi binti arudi amalize, mashine itamngoja.

Alirudi. Somo la kusuka mota lilipofika, alikaa mbele kabisa. Mwalimu alitugawia penseli za rangi tatu na karatasi, akatuambia tuchore mizunguko ya waya kwa usafi. Binti alichora yake vizuri sana, akapewa alama zote, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama hiyo ndiyo itakayosuka mota ya baba yake.