Tepu ya Mchoma Sindano

Mchoma sindano za kupunguza unene wa mtaa wetu hapa Wuhan bei haipunguzi. Mimi muuza vitambaa nilijaribu siku ya kwanza, nikashindwa. Hupasha mikono kwenye bilauri ya chai, akakuchoma sindano tumboni, akazibana kwa nyaya za umeme, kisha akazungusha kitufe taratibu mpaka nyama ianze kurukaruka. Akipima kiuno hungoja, tepu mkononi, mpaka uchoke kubana pumzi. Jana kitanda jirani alilala Bi Qiu. Gauni lake jekundu la kuvaa kesho yake kwenye arusi ya bintiye lilining'inia ukutani, zipu haifungiki.

"Daktari, nipunguzie hata vidole viwili kwenye hiyo tepu, nifurahi!"

"Shangazi, tepu nitaidanganya. Zipu utaiambia nini?"

Bi Qiu akageukia ukuta, machozi yanamtoka. Mchoma sindano akamchoma tumboni. Akawasha mashine, akashusha gauni, akapekua mishono ya ubavuni kutafuta akiba ya kitambaa, akachukua wembe na kuanza kufumua.

"We, unaniharibia gauni!"

"Tulia, usitikise sindano. Mashine inapunguza tumbo polepole. Mimi naongeza gauni."