Mchumba wangu anamtafuta admin aliyemfungia kwenye gemu, na admin huyo ni mimi

Habari zenu wapendwa. Jina langu lifichwe, nawaomba sana. Yeye hafuatilii kurasa kama hizi, anasema ni za wambea, lakini ndugu zake wamo humu.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, nafanya kazi steshenari hapa Mbinga mjini. Kwetu ni Litembo, wazazi wangu wakulima wa kahawa. Nimechumbiwa na mtumishi wa serikali aliyepangiwa kazi kule ziwani, posa imepokelewa, na Jumapili iliyopita tangazo la kwanza la ndoa yetu limesomwa kanisani. Naandika haraka haraka, mkiona herufi zimerukwa mnisamehe.

Nina jambo ambalo hata mama halijui. Naendesha seva ya gemu, lile la kujenga nyumba na mashamba kwa matofali, watu wengi mnacheza pamoja. Wachezaji wetu wengi ni wa huku huku, na wengine wako vyuoni mikoani. Tumejenga milima yetu, tumechimba mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo tunayolima Wamatengo, na chini tumeweka ziwa. Kule naitwa Kamanda na wote wanajua ni mwanaume, maana nilipotumia jina la kike nilitongozwa mpaka nikakoma. Mchumba wangu sikumwambia. Aliwahi kusema mwanamke wa kucheza gemu nyumba itamshinda, nikaona nitamwambia tukishaoana.

Kazi ya admin ni kufukuza wasumbufu. Zamani nikimfungia mtu alikuwa anafungua akaunti nyingine anarudi na matusi mapya. Tukakubaliana tufanye kama nyumbani: aliyekosea hajisemei, anatuma mshenga. Mshenga analeta ujumbe wa sauti kwenye akaunti ya Kamanda, anamwombea, na mimi naamua. Utaratibu huu niliubuni mwenyewe na nilijivunia, kwa kuwa wengi walirudi wamepoa kabisa.

Sasa akaja mmoja anajiita Gharika. Alichoma nyumba za wenzake, akafukia mashimo ya ngoro ya watu waliyochimba kwa wiki nzima. Binti mmoja mwanafunzi wa kijijini Kihagara alipomuuliza kwa nini, akamwandikia mbele ya wote, "Nitakutafuta mpaka kwenu nivunje hivyo vidole unavyochezea." Binti akatoka na hajarudi tena. Nikamfungia Gharika moja kwa moja.

Baada ya siku chache mshenga wake akatuma sauti. Niliisikiliza dukani wakati hakuna mteja. Ni mzee, anakohoa kwanza. "Tumsifu Yesu Kristo. Mheshimiwa mwenye uwanja, mimi huo mpira wenu siujui, ila nimetumwa na kijana wangu." Nikacheka peke yangu, mzee wa watu anadhani ni mpira. Halafu kicheko kikakatika. Ile sauti naijua. Ndiyo iliyokaa sebuleni kwa baba ikamwambia, "Kijana wetu ni mpole, hata kuku hajawahi kumrushia jiwe." Ni mshenga aliyeleta posa yangu.

Akaendelea, "Sikufichi mheshimiwa, kijana ana hasira. Akifungiwa kitu anakuwa si yeye. Mchumba wake wa kwanza alimfungia namba ya simu, akamfuata mpaka Songea alikokimbilia, binti akalazwa hospitali. Tuliyamaliza kifamilia. Sasa anaoa, binti wa Litembo. Nakuomba umfungulie, asije akaingia kwenye nyumba mpya na moyo huo."

Ndugu zangu, nilikaa chini sakafuni nyuma ya mashine ya fotokopi. Niliogopa, na bado naogopa.

Jioni yake mchumba wangu akanipigia mwenyewe, sauti tamu kama kawaida. "Mama, umeshindaje? Kuna mshenzi mmoja anajiita Kamanda, kanifungia kwenye gemu. Nimemtumia mzee mzima, hajajibu. Nimeambiwa yuko hapo Mbinga, anatumia intaneti ya steshenari. Wewe vijana wa steshenari unawajua, hebu niulizie."

Nikamuuliza, "Ukimpata utamfanya nini?"

Akacheka. "Wewe niulizie tu."

Nilimpigia mama nikamuuliza, je, nikisema sitaki tena? Akasema, "Tangazo limeshasomwa, mwanangu. Umemfumania?" Nikasema hapana. "Basi huo ni woga wa bibi harusi, sali utapita." Nikashindwa kumweleza habari za gemu na seva, angedhani nimechanganyikiwa. Nilifikiria pia kumfungulia yaishe, lakini yule binti wa Kihagara je? Na mimi nitasahau vipi nilichokisikia?

Asubuhi hii mchumba wangu amepiga kwa simu ya mwenzake. Yake ameipigiza ukutani. Anakuja Mbinga leo, anataka nimpe simu yangu atumie mpaka apate nyingine. Kabla hajakata akasema, "Usifute kitu." Sijui anamaanisha picha zetu au ameshajua.

Akaunti ya Kamanda imo humu kwenye simu yangu. Sauti ya mzee imo humu, na ndiyo kitu pekee ninachoweza kumsikilizisha baba akaniamini. Baba ana kitochi, simu ya vitufe tu, siwezi kumtumia, lazima nimpelekee mkononi. Bodaboda za Litembo zinasubiri hapo nje. Nikipanda, nimemkimbia mwanaume ambaye kanisa zima linajua ni wangu, na nimeshasikia yaliyompata aliyekimbia kabla yangu. Nikibaki, nitamkabidhi simu kwa mkono wangu mwenyewe. Ninyi mlio na akili zilizotulia, niambieni nifanye lipi, na mniambie sasa hivi, kwa sababu ameshapanda gari.