Mteremko wa Magamba

Watu wasiojua hudhani shida ya baiskeli milimani ni kupanda. Kupanda kuna shida gani? Unashuka, unasukuma, unatukana kimoyomoyo, mwisho unafika. Kutoka Lushoto hadi juu Magamba nilikuwa nasukuma zaidi ya nusu ya njia, wala sikuona haya. Kina mama waliokuwa wakitoka sokoni walinicheka: "Bibi Maendeleo, leo baiskeli ndiyo imekupanda wewe!" Nami nawajibu kwamba yangu angalau haidai chakula cha usiku. Wanacheka, wanakwenda zao. Shida iko kwenye kushuka, na utamu wote uko huko huko.

Ukitoka Kwai ukapita msitu wa Magamba, barabara inainama kuelekea Lushoto. Unaacha kukanyaga pedeli. Baiskeli inaserereka yenyewe, khanga inapigapiga mgongoni, baridi inakutoa machozi, changarawe zinaruka huku na huku. Upande mmoja ni ukuta wa mlima. Upande wa pili hakuna kitu, ila vichwa vya migomba huko chini. Katika mteremko ule nilikuwa sina ofisi, sina mume, sina mama mkwe. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Mchukuzi mmoja wa kabeji, naye na baiskeli yake, aliikosa kona pale, akaenda moja kwa moja. Kabeji zake ziliokotwa hadi jioni, mwenyewe akapandishwa kwa machela akiwa ameshakata roho. Wiki ile ile wenzake walikuwa barabarani na matenga yao, na mimi nilikuwa nyuma yao.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kufundisha kina mama usafi, lishe na malezi, na ofisi ilinipa baiskeli ya kiume kwa sababu za kike hazikuwepo. Nilishona sketi pana, ndani nikavaa suruali ya mume wangu. Mama mkwe aliponiona mara ya kwanza alishika kichwa. "Mke wa mwanangu anapanda chuma! Watu watasema nini?" Nikamwambia watu watasema wakichoka watanyamaza. Raba za breki zilipoisha, duka la ushirika halikuwa nazo. Halikuwa na sabuni, sembuse raba. Fundi akanikatia vipande vya tairi la lori. Vilishika, lakini kwa kelele za mbuzi anayechinjwa.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, mwenye maneno machache. Tulikuwa tumekaa mwaka wa nne bila mtoto. Kwa hiyo mimba ilipoingia, mama mkwe alinijia na machozi machoni. Siku hiyo hakugomba. "Mwanangu, nakuomba, kile chuma kiache." Nikiache nini, nilikuwa nimeshakiacha! Nilimtaka yule mtoto kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Baiskeli niliiegemeza ukutani chini ya upenu, kuku wakaifanya kitanda chao. Vijiji vya karibu nilikwenda kwa miguu, vya mbali nikaomba vingoje.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, siku moja nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage. Maumivu yakaanza hapo hapo, ungo ukiwa mapajani. Hata muda wa kunifikisha hospitali haukupatikana. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Mama mkwe alimviringisha katika khanga yake mpya na kumpeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, yeye na jirani yetu mmoja. Aliporudi alinawa mikono, akakaa karibu nami, akaniambia taratibu kwamba mtoto asiyelia hahesabiwi. "Usimtaje, mwanangu. Utamfungia njia anayekuja." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo naye alivyoambiwa na waliomtangulia.

Basi hatukukaa matanga. Hakuna aliyetandika mkeka, hakuna aliyekuja kulala na sisi. Sokoni ndiko walikosema: ni baiskeli. Loo! Baiskeli ambayo kuku walikuwa wameinyea miezi mizima! Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua, na nilingoja hasira zangu zije niwapashe. Hazikuja. Machozi nayo hayakuja. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya kanisani, isipokuwa mguu huwa unaamka.

Nikarudi kazini. Niliifuta baiskeli, nikaipanda, na safari hii mama mkwe hakusema neno. Mume wangu aliniuliza kila jioni, "Umekula?" Nami nikajibu, "Nimekula," nimekula sijala. Hakuniuliza jingine. Nadhani aliogopa jibu. Siku moja nilikuwa Kwai, nakoroga uji wa mahindi na karanga mbele ya kina mama, nawaeleza mtoto wa miezi sita apewe nini na kwa kijiko gani. Sauti yangu ilikuwa sawasawa kabisa. Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, akaniuliza, "Wewe dada unao wangapi?" Nikasema, "Sina." Nikaendelea kukoroga.

Alasiri ile nilifika juu Magamba na ukungu umeanza kushuka. Nikapanda tandikoni, nikaiachia baiskeli. Sikupanga kitu. Vidole vyangu vilikuwa juu ya breki, nikavitoa. Nilitaka nione kama nitaogopa.

Kona ya kwanza nikapita. Ya pili nikapita katikati ya barabara, gurudumu la nyuma likayumba, nikaona migomba ile ya chini, nikaitazama tu. Woga haukuja. Hata kile kicheko changu cha zamani hakikuja. Nikasema moyoni, kumbe hata hapa hakuna kitu. Na baiskeli inazidi kwenda.

Mbele yangu, kwenye ukungu, rundo la majani likatoka pembeni mwa barabara. Chini ya rundo palikuwa na miguu ya mtu.

Mikono yangu ikabana breki. Wallahi sikuiamuru mimi. Breki zikalia, baiskeli ikalala ubavu, nikaburuzwa hadi kwenye mtaro wa upande wa mlimani. Majani yakatawanyika barabara nzima. Nilipoinua kichwa nikamwona bibi kizee amesimama na mundu mkononi, ananitukana kwa Kishambaa, matusi mengine sijayasikia tangu utoto.

"Shikamoo, bibi," nikasema nikiwa bado mtaroni.

"Marahaba," akasema. Hawezi mtu kuamkiwa akaacha kuitikia. Kisha akaendelea pale pale alipoachia, sasa kwa Kiswahili, maana alikuwa ameuona mkoba wa ofisi. "Unataka kuniua, wewe? Mbio zote hizo, kuna nani anakufa?"

"Hakuna, bibi."

"Hakuna! Na watoto wako nyumbani, huwafikirii?"

Nikafungua mdomo niseme sina. Lilikuwa jibu langu la kila siku, nimelizoea. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Nilikuwa naye. Hakulia."

Bibi akaufuta mundu kwenye khanga yake, upande huu, upande ule.

"Wa kiume au wa kike?"

"Wa kiume."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mume wangu hakuniuliza. Sokoni, pamoja na midomo yao yote, hawakuuliza.

"Mimi nina saba," bibi akasema. "Wanne wapo, ukipita pale utawaona, wavivu watupu. Watatu wako migombani. Mmoja wao naye hakulia. Ukiniuliza nina wangapi, nina saba."

"Wanasema hahesabiwi."

"Nani anasema? Walimbeba wao?"

Nilimbeba mimi. Alikuwa akinipiga teke usiku, upande wa kulia, nikilala tu anaanza. Goti langu lilikuwa linavuja damu, na pale ndipo nikasikia kwamba linauma. Linauma sana.

"Basi una mmoja," bibi akasema, kama mtu anayemalizia jambo dogo. "Haya, toka huko mtaroni uniokotee majani yangu. Ng'ombe hajui msiba."

Nikapiga magoti barabarani, nikaanza kukusanya majani. Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, kamasi zinatoka, katikati ya njia ambapo lori lingeweza kutokea wakati wowote. Bibi yule hakunibembeleza. Alisimama upande wa kona akitazama barabara kwa ajili yangu, na mara moja moja alininyooshea mundu kunionyesha yaliyobaki: pale, na pale.