Alhamisi ya Kweli

Pale kwenye ujenzi wa kituo cha data, jengo kubwa lisilo na madirisha ambamo zingekaa kompyuta kwa maelfu, mama mmoja ndiye aliyepanga nani aanze kazi na nani asubiri. Mafundi walimwita Mama Ratiba. Kutulia hajui. Hata chai aliinywa amesimama, jicho moja kwenye chati ukutani, jingine kwenye simu.

Na alikuwa na uongo wake mmoja, tusimfiche. Kila mtu alimpa tarehe iliyotangulia ile ya kweli. Ukizoea mambo ya ujenzi utamwelewa: mtu wa nyaya ukimwambia Jumatano anakuja Ijumaa, basi mwambie Jumatatu. Nyumbani ni yale yale. Akisema tunaondoka saa mbili, binti yake huuliza, "Saa mbili ya kweli au ya kwako?" Mumewe hucheka tu, maana hata siku ya ndoa yao aliambiwa saa nane, kumbe shughuli ni saa kumi.

Sasa ikafika zamu ya majenereta. Yalitakiwa kushushwa kwa kreni kupitia paa lililoachwa wazi, na kreni yenyewe ya kukodi, inangojewa kwingine. Alhamisi jioni inaondoka, na kuipata tena ni mwezi mzima. Meneja hakuzunguka. "Dada, hili nalo likichelewa, sitaweza kukutetea tena."

Akampigia mwenye majenereta, jamaa mcheshi waliyembatiza Bwana Taratibu.

"Alhamisi asubuhi, kaka yangu. Safari hii ni Alhamisi ya kweli."

"Ulisema hivyo hivyo kwenye mabomba."

"Kwenye mabomba nilikudanganya. Leo sikudanganyi."

"Hilo nalo ulishasema," jamaa akacheka. "Ondoa shaka, dada. Mimi nakujua."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkosesha raha. Alhamisi alishinda langoni, roho juu juu, anakaa juu ya tofali, anainuka, anakaa tena. Kila lori lililopunguza mwendo lilikuwa la mchanga. Simu ya jamaa inaita, haipokelewi. Jioni kreni ikakunja mkono wake ikatoka, na dereva akampungia kwa heshima zote.

Ijumaa asubuhi malori yakaingia yakipiga honi. Bwana Taratibu akashuka, meno yote nje.

"Leo utanipongeza, Mama Ratiba. Nilijua tarehe yako hasa ni Jumatatu, nikasema ngoja nimshangaze. Nimewahi."

Alitamani kumkaba. Lakini angemlaumu vipi, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha?

Siku hiyo alirudi nyumbani jua bado kali, jambo lisilowahi kutokea. Akawakuta mume na binti mezani. Akakaa, safari hii akakaa kweli, mikono mapajani.

"Unga umemwagika," akasema. "Kuanzia Jumatatu sina kazi."

Binti hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sahani. "Jumatatu ya kweli au ya kwako?"