Mama wa Sheferi Mbili

Jirani yangu wa Glenwood, mama Mkongomani aliyekuwa akisuka nywele barazani, alikufa ghafla hospitalini. Hakuwa na ndugu hapa Durban. Desturi yetu Wakongomani hapa ni kwamba mtu huzikwa na chama cha watu wa sheferi yake, yaani ile himaya ya chifu ambayo Wabelgiji waliichora zamani ili wapate kodi na watu wa kulima barabara. Mwili usipochukuliwa, manispaa inauzika yenyewe, bila sala, bila mtu wa kulia.

Kwao marehemu kulikuwa mpakani mwa sheferi mbili, nikawaita marais wa vyama vyote viwili kwenye ukumbi wa kanisa. Walikuja na suti zao. Mmoja alifungua ramani kwenye simu, akapitisha juu yake kidole kilichojaa mafuta ya sambusa.

"Nyumba ya baba yake iko ng'ambo ya mto," alisema. "Kule ni kwenu."

"Lakini mashamba yabo iko upande yenu!" alijibu mwenzake. "Mutu anazikwaka na watu ya udongo wake."

Mto wenyewe ng'ombe wanauvuka bila kulowa magoti. Mzungu mmoja aliweka rula juu yake akaenda kula chakula chake cha mchana, na leo wanaume wenye ndevu wanatupiana marehemu kwa sababu ya rula hiyo. Niliomba tumzike sisi majirani. Wakanikatalia kwa sauti moja, kwamba itakuwa aibu kwa jimbo zima. Nami nikawasikiliza, mjinga mimi, nikidhani wataona haya.

Wakafanya mkutano mwingine, kisha mwingine. Walipokubaliana hatimaye kushirikiana, tulikwenda mochari tukaambiwa manispaa imeshamzika.

Rais mwenye simu alishusha pumzi. "Basi, sharp, ni sawa. Angalau hakuna chama yenye ilishindwa."

Nilitema mate chini, karibu na viatu vyake. Ningepata nafasi ningetema tena.

Jumapili walifanya kilio bila maiti, wakagombania nani ahutubu kwanza. Sikwenda. Nilibisha mlango wa mwenye nyumba wangu, mama wa Kizulu, nikamwomba nikifa anizike yeye.

"Eish, baba," alisema, "kwani huna watu wa kwenu hapa?"

"Ninao, mama. Ndiyo maana nakuomba wewe."